Andiko lenye harufu ya bani

Mwezi wa kumi mwaka jana, Jumamosi moja, mhadhiri msaidizi wa chuo chetu alikuja nyumbani kwangu hapa Cheyo, Tabora, na kurasa kumi na mbili za andiko la kuomba fedha za utafiti, alizozibana kwa kibanio. Aliniamkia, akakaa, akaziweka mezani, halafu juu yake akaweka karatasi nyingine moja iliyokunjwa mara nne. Hiyo ya kukunjwa ilikuwa barua ya kukataliwa kutoka kwa wafadhili. Mistari minne tu: wanamshukuru kwa kuomba, maombi yalikuwa mengi, lake halikuchaguliwa, wanamtakia kila la heri.

"Mama," akaniambia, "naomba unisaidie kuliandika vizuri zaidi, safari hii lipite."

Tulikuwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kwenye ile meza ya mbao ambayo wanangu walifanyia kazi zao za shule. Nilizisoma kurasa zote kumi na mbili huku ananitazama. Kiingereza chake hakikuwa na shida. Vichwa vya habari vilikaa mahali pake, marejeo yalikuwa mengi. Ila nilipofika mwisho sikuweza kusema kijana huyu anataka kujua nini. Andiko lilizungumzia mabadiliko ya tabianchi, akili bandia, jinsia, vijana na uchumi wa kidijitali, vyote hivyo vifanyike mkoani Tabora kwa miaka miwili. Nikamuuliza ameyatoa wapi yote haya. Akajibu kwa unyofu kabisa: "Kwenye tangazo lao, Mama. Ndiyo maneno wanayoyapenda."

Karibu kila mara kazi yangu huanzia hapo.

Kwa asiyekaa vyuoni nieleze kidogo. Mhadhiri msaidizi ni mtu mwenye shahada ya uzamili. Anafundisha, ana marundo ya karatasi za mitihani za kusahihisha, na anajua kwamba bila uzamivu na machapisho hatapanda kuwa mhadhiri, wala mhadhiri mwandamizi, achilia mbali uprofesa. Utafiti unataka fedha, na fedha zinataka andiko. Kuandika andiko hakuna aliyemfundisha. Msimamizi wake alimfundisha kuandika tasnifu, na tasnifu inaeleza kazi iliyokwisha kufanyika. Andiko linamwomba mtu asiyekujua, aliyeko Dodoma au Stockholm, akuamini kwa jambo ambalo hujalifanya bado.

Semina zipo, na nimehudhuria nyingi, nyingine nimezifundisha mwenyewe. Siku tatu ukumbini, projekta, vikundi vya majadiliano, cheti mwishoni. Mtu anatoka anajua tofauti ya lengo kuu na malengo mahususi. Tatizo ni kwamba katika siku zote tatu hakuna hata mtu mmoja aliyesoma ukurasa wake mstari kwa mstari, akamwuliza: hapa ulimaanisha nini? Ninaamini kwa moyo wote kwamba kumlea mtafiti ni kusoma pamoja naye. Ni kazi ya taratibu. Jumamosi ile tulianza saa tatu asubuhi, adhuhuri ikatupita, na hatukuandika hata aya moja mpya.

Mimi mwenyewe nililelewa na mzee mmoja wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa ni marehemu. Nilikuwa kijana, nimempelekea andiko langu la kwanza kwa mkono wa mtu aliyekuwa anapanda treni kwenda Dar es Salaam. Lilirudi baada ya wiki tatu. Kurasa sita za mwanzo alikuwa amezikata, kila moja kwa mstari mmoja wa mshazari. Katika ukurasa wa saba alikuwa amepigia mstari sentensi moja, na pembeni ameandika kwa penseli: "Hapa ndipo unaposema kweli. Anzia hapa." Nililia siku hiyo. Kesho yake nikaanzia pale, na ule ndio uliokuwa utafiti wangu wa kwanza kupata fedha. Ukurasa huo ninao mpaka leo. Penseli imefifia lakini inasomeka.

Basi kwa kijana wangu nilitafuta sentensi ya namna hiyo kurasa zote kumi na mbili, nikaikosa. Nikazisogeza pembeni. Nikamuuliza kwao ni wapi.

"Kaliua, Mama."

"Mnalima nini?"

"Tumbaku. Ya mvuke."

Nikamwambia anieleze bani la kwao, lile jengo la kukaushia tumbaku, kama vile mimi sijawahi kuliona. Mwanzo alisita, akidhani ninampotezea muda. Kisha akaanza. Jengo refu la matofali lisilo na madirisha. Tanuru liko chini, na mabomba ya bati yanapitisha joto ndani, moshi usiguse majani. Siku za kwanza joto linawekwa dogo ili majani yageuke manjano. Halafu linapandishwa taratibu ubapa wa jani ukauke, na mwishoni linapandishwa sana mpaka ukauke ule uti wa katikati, ambao ndio mgumu kuliko vyote. Moto hauzimwi mchana wala usiku, karibu wiki nzima. Mkilala usiku mmoja, rangi inaharibika, na sokoni daraja linashuka, na jasho la mwaka mzima linashuka nalo.

Kadiri alivyoeleza, ndivyo mikono yake ilivyoanza kuongea pia. Akaja kwenye kuni. Alipokuwa darasa la nne walikata nyuma ya nyumba. Alipomaliza kidato cha nne, mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa unaondoka alfajiri na kurudi jioni. Nikamuuliza: siku hizo za kukausha, mama alikuwa anapikia nini? Akanyamaza. Akachezea kile kibanio cha karatasi. Kisha akasema:

"Mama, bani likishiba kuni, jiko la nyumbani linalala njaa."

Nilichukua ile barua ya kukataliwa, nikaigeuza, nikayaandika maneno hayo nyuma yake kama alivyoyatamka. Nikampa. Nikamwambia: andiko lako ndilo hili. Kuhusu tumbaku na misitu ya miombo watu wamekwisha kuandika, na ni lazima uwasome. Lakini wewe unajua kwamba ndani ya kaya moja kuna mioto miwili inayogombania kuni zile zile, na unajua kuna mtu anayeamua upi ulishwe kwanza. Nani anaamua? Kwa kiasi gani? Mwanamke wa nyumba hiyo anaongeza saa ngapi za kutafuta kuni katika wiki za bani? Huko Stockholm hakuna anayeweza kukutungia swali hilo.

Akataka kujua kama wafadhili watalipenda. Ni haki yake kuuliza, ana mke na mtoto na mkataba. Nikamjibu ninachokiamini: mpitiaji wa maandiko husoma mengi kwa siku chache, na yaliyotungwa kutokana na tangazo yanafanana kama mapacha. La kwako atalikumbuka.

Sisi watu wa mkoa huu tuna ushahidi wetu wa kinachotokea mradi ukitangulia swali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa Tanganyika. Kongwa, Nachingwea, na Urambo yetu hii. Waliingiza matrekta, wakang'oa miti, wakajenga reli na bandari kule kusini, kabla ya kujua vizuri mvua zinanyeshaje na udongo wa Kongwa unakuwaje kiangazi. Mwaka 1951 serikali yao iliufuta, na pauni milioni 36 hivi zikaandikwa kuwa hasara. Urambo ndiyo ikageukia tumbaku. Kwa maana hiyo, hata bani la baba wa kijana huyu linatokana na andiko ambalo hakuna aliyelisoma mstari kwa mstari. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasipite Urambo kwenye treni bila kufikiria jambo hilo.

Baada ya hapo alikwenda kusoma. Hapa niseme jambo linalonisikitisha: nimekutana na wahadhiri wa miaka mingi ambao hawajawahi kutumia AGORA wala Hinari, milango ya mtandaoni ya kusomea majarida ya kitaalamu. Shirika la Afya Duniani liliizindua Hinari mwaka 2002, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikafuata na AGORA mwaka 2003, na zote sasa ziko chini ya mpango mmoja, Research4Life. Chuo kikishajisajili, mhadhiri anasoma majarida ambayo vinginevyo angetozwa dola thelathini au arobaini kwa makala moja. Kamwone mkutubi wako kesho asubuhi, umwombe nywila. Mkutubi ni mtu muhimu kwa mtafiti kuliko anavyodhaniwa, na mara nyingi anakaa pale akisubiri aulizwe.

Wiki ya tatu aliniletea rasimu mpya, kurasa tano. Ilianza na bani la baba yake. Nilifurahi, nikamwambia nimefurahi, kisha tukaingia kwenye ratiba na bajeti, na huko tukakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ratiba ilisema ukusanyaji wa taarifa utakuwa Septemba. Nikamuuliza Septemba bani linakuwa na nini ndani. Alijishika kichwa. Septemba watu wako kwenye vitalu. Bani liko tupu, labda kuku wametagia humo. Kukausha ni Februari mpaka Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha na barabara za ndani zikiwa tope. Yeye amezaliwa huko, anayajua hayo kuliko mimi, lakini alipoketi kwenye kompyuta aliandika Septemba kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili unaanza Septemba. Uwandani kukasogezwa miezi mitano mbele, na kwenye nauli ikaongezwa pikipiki, kwa kuwa basi litamfikisha Kaliua mjini tu.

Kwenye bajeti kulikuwa na mstari mmoja: "Vifaa, shilingi milioni 5." Vifaa gani? Hakuwa na jibu. Tukachukua karatasi safi tukaanza upya, tukijifanya tuko pale bani asubuhi. Unataka kujua kiasi cha kuni, utajuaje? Kwa kupima. Utapima na nini? Mzani wa kuning'iniza, kama ule wanaopimia mazao. Utauning'iniza wapi? Kwenye tawi, basi kamba. Nani atapima saa tisa usiku wewe ukiwa umelala? Basi msaidizi wa pale kijijini, naye alipwe, na kiwango cha malipo kiandikwe. Na kuni za jiko utazipimaje bila kumkera mwenye jiko? Hapo tulibishana sana. Mwishowe tukakubaliana ampe mama mwenye nyumba mzani wake mdogo na daftari, apime mwenyewe, na jina lake liwemo kwenye shukrani kama ataridhia. Vifaa vilivyokuwa milioni tano vikawa laki sita na kidogo, na kila shilingi ilikuwa na kazi yake. Kompyuta mpakato tuliifuta. Aliitaka kweli, nilimwonea huruma, lakini mfuko ule haukununua kompyuta na tangazo lilisema hivyo waziwazi.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu watu wanaiona bajeti kama kiambatisho cha mhasibu. Mpitiaji mzoefu huanza na bajeti. Anataka kuona kama umewahi kusimama mahali pale.

Liko jambo jingine lisilo na raha. Miaka ya nyuma, nikiwa katika chuo kingine nisichokitaja, niliandika andiko miezi minne. Siku ya mwisho ilipofika, mtu wa kutia saini kwa niaba ya taasisi alikuwa safarini, na hakuna aliyekuwa ameachiwa mamlaka hayo. Nilikaa nje ya ofisi ile mpaka saa kumi na mbili jioni. Andiko halikwenda. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachomwuliza mhadhiri yeyote ni nani anatia saini na yuko wapi wiki hiyo. Cha pili ni usajili. Fedha nyingi za serikali ya Marekani zinataka taasisi iwe imesajiliwa kwenye SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali hiyo. Zamani namba ya utambulisho wa taasisi iliyoulizwa ilikuwa DUNS, lakini tangu Aprili 2022 inaulizwa UEI, na usajili unaweza kuchukua wiki kadhaa za kutumiana nyaraka. Usisubiri upate wazo ndipo uanze kuuliza kama chuo kina namba.

Fedha hizo zenyewe zimetikisika. Mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje na hatimaye kulifunga shirika lake la misaada, USAID, nilikuwa na wenzangu wawili ambao miradi yao ilisimama katikati, wasaidizi wa utafiti wakarudishwa nyumbani. Ndiyo maana sasa ninawaelekeza vijana waanze na mifuko midogo na ya karibu. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ina mfuko wa taifa, MTUSATE. Taasisi ya Rufford ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa uhifadhi. Ruzuku ndogo uliyoifanyia kazi na kuitolea hesabu safi ndiyo inayokufungulia kubwa. Majengo tunayapata: kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, ambao ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vya umma vinajenga mikoa mbalimbali, na jirani zetu Kigoma wanapata kampasi ya chuo cha afya cha Muhimbili. Nafurahi sana. Na kila nikiona jengo jipya ninawaza juu ya wahadhiri watakaoingia humo, na nani atakaa nao Jumamosi.

Ananiandikia dada mmoja kutoka Kigoma, mhadhiri, mwenye mtoto wa miezi minane. Tunasoma andiko lake kwa simu saa tatu usiku mtoto akishalala, kila mmoja ana nakala yake mkononi. Lake linahusu wanawake waanikao dagaa. Mwalo wa wavuvi wa huko naujua kidogo, lakini dagaa siwajui, na nimemwambia hivyo. Mlezi si lazima ajue kila kitu cha anayemlea. Nikimuuliza swali la mjinga, kwa mfano kwa nini mwezi ukiwa mpevu hakuna dagaa, analazimika kunieleza kwamba wavuvi wanawavuta samaki kwa taa, na mbalamwezi inaishinda taa. Maelezo hayo yakaingia kwenye andiko, kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini kipato cha wanawake wale kinakatika kila mwezi. Kabla ya hapo alikuwa ameyaacha nje, akidhani kila mtu anajua.

Jina langu halimo kwenye andiko lake, wala la kijana wa Kaliua. Wote wawili waliniomba liwepo, kwa heshima. Nilipokuwa na umri wao, bosi wangu mmoja aliweka jina lake mbele ya langu kwenye kazi ambayo hakuisoma hata muhtasari wake. Nilikaa kimya kwa sababu ndiye aliyekuwa ananiandikia tathmini. Uchungu ule haujaisha. Nikifanya kazi ya utafiti na mtu, nikaingia uwandani, nikachambua, nitaweka jina. Kusoma na kuuliza maswali chini ya mwembe ni wajibu wangu kama mkubwa, kama mzee yule alivyonifanyia, na yeye hakuwahi kuniomba hata nimtaje.

Andiko la bani lilikwenda kwenye mfuko mmoja mdogo mwezi wa kumi na mbili. Majibu bado. Idara ilimpa laki nne za utafiti wa awali, akanunua mizani miwili na daftari, na mwezi uliopita akapanda treni kwenda kwao.

Juzi usiku, saa nane kasoro, simu ikaita. Nilishtuka, maana simu ya saa hizo huwa ni msiba.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa usiku."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Niko bani. Wameongeza kuni sasa hivi, nimepima. Kilo kumi na nane na nusu, ni mara ya nne tangu magharibi." Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, na mlango wa bati wa tanuru ukifungwa. "Halafu nimegundua kitu. Jiko la mama leo halikuwashwa kwa kuni kabisa. Amepikia magunzi. Sasa kwenye daftari lake ameandika sifuri, na mimi sijui kama sifuri ndiyo jibu."

Nikawasha taa, nikatafuta miwani. Nikamuuliza hayo magunzi yamebaki mangapi.

"Lipo gunia zima, na nusu debe."

Nikamwambia ayapime na hayo magunzi.